Firigisi ya Babu

Mama anayeniuzia kuku sokoni ni mke wa askari. Kazi ya mumewe ilimtoa mbali sana, kule kwenye misitu ya Ekwateri, ikamleta hapa Kamina kwenye kambi, na Kiswahili chake bado kinajikwaa. Lakini jambo moja alilielewa tangu wiki ya kwanza: mimi sikubali firigisi itupwe pamoja na utumbo. Jumamosi iliyopita alichinja kuku mbele yangu, akamnyonyoa, akaipasua firigisi, akaondoa ile ngozi ya njano na vijiwe vyake, akaiosha mara mbili, akaiweka juu ya nyama yote.

"Ya tata ya nyumba," akaniambia akicheka.

Nikamjibu kwamba nyumba yangu ina baba, tena anapenda kula, lakini firigisi ya siku hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa anakuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula kwangu tangu tumzike baba na kumaliza kilio.

Nilipoitia kwenye mawese yaliyokwisha kuchemka, harufu ikapanda kutoka kwenye mbabula, jiko langu la makaa, ile harufu nzito yenye damu kidogo, na wivu ukanishika. Nasema kweli, ulinishika. Nina umri wa kuwa na mtoto anayesoma chuo, nimekwisha kuzika wazazi wote wawili, na bado nilisimama jikoni kwangu, mwiko mkononi, nikimwonea mdogo wangu wivu wa kipande cha nyama kisichojaa kiganja.

Ninyi wa rika langu mliokulia katika nyumba zetu hamtashangaa sana. Kuku hakuwa chakula cha kila siku, na siku alipopikwa, kila kiungo kilikuwa na mwenyewe kabla sufuria haijatelekwa. Mapaja ya wageni, mgongo wa mama. Firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na mtu haulizi. Sisi wasichana tulipewa shingo. Nimekula shingo za kuku nyingi mno, nimeketi kizingitini mwa jiko, nikinyonya vifupa kimoja kimoja kwa sababu hakuna kingine kilichokuwa kinakuja.

Lakini kuna wakati nilikula firigisi. Nusu yake. Ni babu aliyenipa.

Huyu alikuwa baba wa baba yangu, jina lake Banza. Alifanya kazi ya reli pale gare, stesheni ya treni ya Kamina, maisha yake yote, akivuta vyuma vya kubadilisha njia za treni, na hata alipostaafu hakulivua koti lake la buluu lenye vifungo vya shaba. Alikuwa na kiti chake cha mbao ambacho hakuna mwingine aliyekalia, na kikombe chake cha bati cheupe kilichobanduka rangi mdomoni. Mama alipomletea sahani, babu aliuma firigisi katikati, akangoja mama ageuke, akanitia nusu ya pili mdomoni kwa vidole vyake viwili. Vidole vyake vilinuka tumbaku. Nilikuwa na miaka mitano, na niliamini kwamba yeye na mimi ndio tuliokuwa wakubwa wa nyumba ile.

Tena nilikuwa na sababu ya kuamini, maana babu alikuwa amenipa cheo. Nilipenda kumwamrisha, nikimwita nkambo, yaani babu. Nkambo, vaa viatu. Nkambo, kunywa dawa. Nkambo, twende tuangalie treni. Naye alisimama wima, akagonga visigino, akapiga saluti, halafu akainama sikioni mwangu.

"Ndiyo, shefu ya gare."

Hilo ndilo lilikuwa jina langu, na lilisemwa sikioni tu. Aliniambia tusimwambie mtu, kwa sababu yule shefu wa gare wa kweli, mkuu wa stesheni mwenye kofia na filimbi, akisikia kwamba kuna mwingine mjini, atakasirika amfukuze kazi. Babu alikuwa amestaafu miaka mingi, hakuna aliyeweza kumfukuza popote, lakini mimi ningejua wapi? Nililitunza jina lile kwa nguvu zangu zote. Hata mama sikumwambia.

Siku walipompeleka hospitali alikaa nyuma ya baiskeli ya baba, koti limemning'inia mabegani kwa jinsi alivyokuwa amekonda. Aliniita karibu.

"Nitarudia, shefu ya gare. Ulinde nyumba."

Hakurudi. Mimi walinipeleka kwa jirani siku mbili, nikawa nasikia vilio vya wakubwa kwa mbali, na sauti moja niliyoitambua: baba yangu akilia "Tata! Tata yangu!" Sikuwahi kujua kwamba baba anaweza kulia. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia mambo yalivyo. Mimi nilikuwa nimeambiwa nilinde nyumba, basi nililinda. Mtu alipotaka kukikalia kile kiti nilipiga kelele mpaka anyanyuke.

Kabla mwaka haujaisha, mama akapata mimba. Akaota mwanamume mwenye koti la buluu amesimama mlangoni akiomba maji ya kunywa. Asubuhi akamsimulia baba, na baba hakungoja ndoto ya pili. Kwetu Waluba mtu akija ndotoni hivyo, anakuja kutafuta nafasi, na mtoto atabeba jina lake. Akazaliwa mvulana, akaitwa Banza. Mashangazi walijaa uani wakipiga vigelegele, wakapaka nyuso zao pemba, udongo mweupe.

"Nkambo alirudia! Banza alirudia!"

Mnaona? Ni neno lilelile aliloniachia. Alisema atarudi, na sasa wakubwa wote, watu wasiosema uongo, walikuwa wanaimba kwamba amerudi. Baba akakipokea kile kitoto chekundu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akakiita "Tata." Mama aliyekizaa akakiita "mukwe," na tangu siku hiyo hakuwahi kukipa kitu kwa mkono mmoja. Walikilaza juu ya kiti cha babu. Mimi sikupiga kelele. Mwenye kiti alikuwa amefika.

Nilifurahi, naomba mniamini. Niliketi karibu naye watu walipotoka, nikamnong'oneza kwamba ni mimi: "Njo minyi. Nililinda nyumba." Yeye alitazama ukuta. Nikajiambia hana meno bado, mtu hawezi kusema bila meno. Meno yakaota. Nikangoja. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa "mama," kama mtoto yeyote wa mtaani, na la pili lilikuwa la kumwita mbwa. Alipojua kuniita "yaya," yaani dada mkubwa, nikamshika mashavu nikamwambia, hapana, lile jina lingine, lile letu. Akacheka, akanivuta pua.

Halafu ikaja siku ya kuku wa Pasaka. Alikuwa na miaka miwili hivi. Baba akaichukua firigisi, akaikatakata vipande vidogo, akamwekea mbele yake kwenye kile kikombe cha bati. Mimi nikasogea, nikaketi pale nilipokuwa nikiketi zamani, mdomo tayari. Alitafuna, akatafuna tena, akatema nusu chini, kuku wengine wakaja kuidonoa. Wakubwa wakacheka kwamba mzee hana njaa. Mama akaniambia nikachukue shingo yangu jikoni.

Siku hiyo nikaanza kumchukia. Ama ni nkambo na amenisahau makusudi, ama si nkambo na amemwibia jina, kiti, kikombe na firigisi. Kichwa changu cha miaka minane hakikuona njia ya tatu.

Na kila kitu ndani ya nyumba kilinitia moto zaidi. Mama hakuweza kumpiga. Nani atampiga baba mkwe wake? Banza alipovunja kioo cha taa, kofi lilinipata mimi niliyemwacha aishike. Alipomwaga unga, mama alimwambia kwa upole, "Mukwe, unanipatisha haya," kisha akanigeukia mimi na fimbo ya kugeuzia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mimi nilichota maji, nikaosha vyombo, nikapiga goti kumpelekea kikombe mtoto mwenye kamasi. Niliona wivu asubuhi, niliona wivu nikienda kulala.

Alipofikisha miaka minne nikaanza kumhoji. Nilimpeleka nyuma ya kibanda cha kuku, mahali ambapo mama hakuweza kutuona, nikamsimamisha ukutani.

"Kama njo weye nkambo, uniambie: ulikuwaka unaniita nani?"

"Yaya."

"Hapana."

"Siyue, yaya."

Kila "siyue," kila sijui, ilikuwa na adhabu yake. Kusimama juani na tofali kichwani. Kulamba pilipili. Kwenda kisimani na bidoni, dumu la lita tano lililokuwa linamfika juu ya magoti, na arudi bila kumwaga, akimwaga arudie. Mara nyingine nilimfungia kibandani pamoja na kuku mpaka akumbuke. Alikuwa halii kwa sauti. Nilimwambia nkambo hakuwa analia, na yeye akajifunza kutolia. Wakubwa walituona tunatembea pamoja kutwa nzima, wakasifu jinsi yaya anavyompenda mdogo wake.

Niliongeza maswali mengine ili nipate kumshinda zaidi. Kinga yako, ile baiskeli yako, ilikuwa ya rangi gani? Rafiki yako wa Bukama, yule aliyekuwa anatuletea samaki wa kukaushwa, jina lake nani? Kidole gani kilikatwa na chuma cha reli? Mwanzoni hakujua hata moja. Halafu nikashangaa. Jumatatu ninamwuliza, hajui, Alhamisi ananiletea jibu, anasimama mwenyewe ukutani, mikono nyuma, anasema: "Kinga ilikuwaka ya kijani. Ilipakwa nyeusi kisha." Na ilikuwa kweli.

Nilichukua siku nyingi kugundua alikokuwa anayatoa. Kulikuwa na mzee mmoja, mzee Kalala, aliyefanya kazi na babu pale gare. Sasa alikuwa anauza mafuta ya taa kwa chupa karibu na nyumba za reli, mtu mkali, anayefukuza watoto kwa mawe. Banza alikuwa anakwenda kuketi karibu na chupa zake. Alifukuzwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu mzee akachoka kumfukuza akaanza kumsimulia. Alikwenda kwa wamama waliouza mihogo, kwa katekista aliyemzika babu. Aliwauliza watu wazima maswali kwa adabu, kichwa kimeinama, na watu wazima hupenda sana kuulizwa. Alipofika miaka saba alikuwa anamjua babu kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimebakiwa na koti, tumbaku, na lile jina moja.

Mngedhani hapo ningemwacha. Wivu uliongezeka. Nilikuwa nimemtuma akatafute, naye akatafuta akapata, sasa hata kumbukumbu zangu alikuwa anazo yeye.

Ndipo nikamtuma shambani. Babu alikuwa na shamba la mihogo ng'ambo ya reli, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu ya mkubwa, na tangu afe lilikuwa limeachwa. Mimi mwenyewe nisingeweza kulipata. Ilikuwa Jumapili, mwisho wa kiangazi, majani yote ya porini yamekwisha kuchomwa. Tulipotoka misa nilimvuta kando nyuma ya ukuta wa kanisa.

"Nkambo alikuwa anaenda kwa shamba yake bila kuonyeshwa njia. Enda. Uniletee muti moja ya muhogo. Kama haukuleta, haiko weye, na minyi nitaambia baba kama ulituibia jina ya nkambo."

Akanitazama. Alikuwa amevaa shati jeupe la Jumapili na kandambili. Hakuuliza chochote, akaondoka.

Mchana nikawa na furaha, sifichi. Nilikula sahani yangu nikaona nyumba imekuwa kubwa. Kufika saa tisa, nikaanza kuchungulia njia. Saa kumi na moja mama alikuwa amekwisha kuzunguka mtaa mzima, na jua lilipoanza kushuka baba alitoka mbio kwenda kwenye reli, majirani nyuma yake, nami nyuma ya majirani. Baba akasimama katikati ya vyuma, akaweka mikono mdomoni, akaita.

"Tata! Tata yangu!"

Ni sauti ile ile. Tangu siku za kilio cha babu sikuwa nimeisikia tena, na sasa ilikuwa inatoka kwenye kifua cha baba yangu mbele ya macho yangu, mtu mzima anamwita baba yake porini, na baba yake ni mtoto wa miaka saba mwenye kandambili. Nilijua alikokuwa. Neno moja tu lingetosha, na sikulitoa. Na nitawaambia nilichokuwa ninafikiri pale, kwa kuwa nimejiapiza nisidanganye: nilifikiri kwamba mimi nikipotea, hakuna atakayeniita hivyo.

Aliletwa na mke wa askari wa kambi, si huyu wa kuku, mwanamke aliyekuwa anatoka kununua makala, yaani makaa, vijijini, amempandisha juu ya magunia kwenye baiskeli yake anayoisukuma. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha kichwa cha yule mama, na kitambaa kimelowa damu. Alikuwa amekanyaga kisiki cha kichaka kilichoungua, na kisiki kimeingia mpaka karibu kitokee upande wa pili. Shati la Jumapili lilikuwa jeusi kwa masizi. Mkononi alishika mti wa muhogo.

Baba akapiga magoti mbele yake, palepale kwenye mawe ya reli.

"Tata, nani alikutuma?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Banza akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akaniangalia kidogo, kisha akamgeukia baba.

"Hakuna muntu. Nilienda kuangalia shamba yangu."

Mshangao ulioje! Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakafuata. Mtoto wa miaka saba ameliona shamba lililopotea porini, bila kuonyeshwa, amerudi na mbegu! Nani tena alikuwa na shaka? Walimbeba juu hadi nyumbani, baba akachinja jogoo, na hata wale waliokuwa wanatabasamu chini chini kuhusu mambo ya majina walikuja kumshika mkono wakimwita mzee Banza. Mimi ndiye niliyemkalisha juu ya kiti kile, kwa mikono yangu. Kama si ukatili wangu, angebaki mtoto mwenye jina la marehemu kama watoto wengi wa mji huu. Nilipewa shingo yangu usiku unaingia, nikamtupia mbwa.

Mama alinituma nimwoshe mguu kwa maji ya chumvi. Tulikuwa wawili tu, beseni katikati yetu. Maji yakawa mekundu. Aliuma midomo asilie, kama nilivyomfundisha.

"Yaya," akasema polepole, "haiko minyi. Niliuliza njia. Nilikuwa nauliza bantu bote bale nilikutana nabo. Minyi haiko nkambo. Iko minyi tu."

Alikuwa ananipa ushindi mzima mzima. Alikuwa pia, naona leo, ananiomba. Nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tayari nimekwisha kuwa na akili, ningeweza kumshika kichwa nikamwambia pole. Nikakamua kitambaa.

"Basi ulikuwaka unaniita nani?"

Akatazama maji. "Siyue, yaya."

Mguu ulikaa miezi kabla ya kupona, na haukupona sawasawa. Mpaka leo anakanyaga kwa upande. Ule mti wa muhogo aliupanda nyuma ya jiko, ukaota, na mihogo yake tumeila miaka mingi. Nilimwuliza lile swali mara moja tu tena, siku nilipokuwa nafunga sanduku kwenda shule ya masista, ya kulala. Alikuwa na miaka kumi. Aliinamisha kichwa, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, akasema "siyue," na kesho yake treni ikanichukua.

Watu wanaotufahamu hunisifu. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na zaidi ya hapo ndiye mtu wanayemwita kutoka hapa mpaka Kabongo ndugu wanapogombania mpaka wa shamba, au wasipojua bibi fulani alizaliwa na nani. Hasemi haraka. Anauliza kwanza, anakwenda kwa mzee huyu na yule, anaketi, anangoja, halafu analeta jibu. Wanasema, yaya yake alimlea vizuri. Mimi sitaki sifa hiyo. Najua uvumilivu ule ulianzia wapi, ulianzia nyuma ya kibanda cha kuku ukiwa na tofali kichwani. Nimeona pia yale ambayo wengine hawayaoni: kwamba mtu huyu mwenye mvi hawezi kumpita mtu aliyebeba maji bila kumpokea, kwamba hali pilipili, kwamba akifika kwangu hakai mpaka nimwambie kaa. Na hata hivyo, wanapomwita yeye katika mambo ya ukoo, mimi niliye mkubwa, niliyekaa mapajani mwa babu, ninasikia ule moto wa zamani. Haujazimika.

Basi Jumamosi akafika, pikipiki ikamshusha mlangoni, akaingia akichechemea kidogo. Alikuwa amekonda tangu kilio. Baba alimwita "tata" mpaka pumzi ya mwisho, alikufa amemshika mkono akimwita hivyo, na sasa hakuna aliyebaki duniani wa kumwita. Alisimama karibu na meza, kofia mkononi, anangoja.

Sijui kwa nini siku hiyo kusimama kwake kuliniudhi hivyo. "Kaa chini!" nikasema, sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Vua viatu, mguu upumzike. Kaa!"

Akagonga visigino. Taratibu, kwa sababu ya ule mguu. Akanyanyua mkono kwenye paji la uso.

"Ndiyo, shefu ya gare."

Mwiko ulinianguka. Ningependa kuwaambia nilichosikia kwanza kilikuwa furaha, lakini kilikuwa wivu, mkali kuliko wote wa maisha yangu. Lilikuwa jina langu. Ndicho kitu pekee alichokuwa hajakichukua.

"Nani alikuambia?"

"Mzee Kalala. Nkambo alikuwaka anaenda kumusalimia kwa gare, kisha anarudia mbio, anasema shefu ya gare ananingoja kwa nyumba. Mzee aliuliza nani, nkambo akamuambia, akacheka."

"Lini?"

"Nilikuwa na miaka kumi. Mbele weye uende kwa masista."

Nikahesabu kichwani. Siku ile ya sanduku, kile kimya kirefu. Alikuwa nalo mdomoni. Nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtu mzima, kwa nini hakusema, alipojua ni neno moja tu nililokuwa nalitaka kutoka kwake, alipojua angelisema ningemwacha.

Alikaa kwanza. Akaweka kofia gotini.

"Ningesema, ungepata nkambo yako," akasema. "Na minyi, yaya? Ungeniweka wapi?"

Mafuta yalikuwa yanarukaruka, nikaenda kuitoa sufuria motoni ili nipate cha kufanya na mikono. Nikachukua sahani. Firigisi ilikuwa juu, imeiva, inang'aa mawese, na mkono wangu ulikwisha kuiendea wenyewe, kama mikono ya nyumba yetu yote ilivyofanya tangu ana miaka miwili. Nikasimama. Niliona kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyemwuliza.

"Banza," nikasema. "Weye mwenyewe, kwa kuku, unapendaka nini?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Shingo."

"Shingo ilikuwaka ya minyi."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwaka nakuangalia unaikula."